Leseni ni kiingilio tu: Kampuni kubwa za programu zinavyovuna hela kila mwaka

Mwaka 2027 ni mwaka wa presha kwa idara nyingi za Tehama duniani.

Oktoba 11 mwaka huo, Broadcom ya Marekani itafunga huduma ya kawaida kwa toleo la nane la vSphere, programu ya VMware inayoendesha seva za benki, hospitali, viwanda na ofisi za serikali. Mwisho wa Desemba, SAP ya Ujerumani nayo itafunga huduma ya kawaida kwa ECC, mfumo wake wa zamani wa uhasibu, manunuzi na ugavi.

Programu zenyewe hazitazimika siku hiyo. Kitakachokoma ni masasisho ya usalama na msaada wa mafundi. Ni sawa na duka lenye kufuli ambalo wezi wameshajifunza kulifungua, na fundi aliyeliuza hapokei simu tena.

Kwa mteja, hapo njia ni tatu: alipe zaidi ili aongezewe muda, ahamie toleo jipya kwa masharti mapya, au aondoke kabisa. Zote zina gharama.

Ili kuelewa kwa nini tarehe hizi zinawanyima watu usingizi, inabidi kujua kampuni hizi zinapata wapi hela zake. Jibu si pale wengi wanapodhani.

Hela haiko kwenye kuuza

Watu wengi wanadhani kampuni ya programu inaishi kwa kuuza programu. Hesabu za Oracle zinaonyesha kitu kingine.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Mei 2025, Oracle iliingiza dola bilioni 57.4. Leseni mpya zilichangia zaidi kidogo ya bilioni 5. Lakini ada za kuhudumia leseni zilizokwisha kuuzwa, nyingine miaka 10 au 20 iliyopita, zilileta karibu dola bilioni 20. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilitoka kwenye huduma za wingu, ambako mteja halipi mara moja bali analipa kadiri anavyotumia.

SAP iko hivyo hivyo. Mwaka 2024 iliingiza euro bilioni 34 na ushee. Leseni mpya zilikuwa kama bilioni 1.4 tu. Ada za huduma kwa wateja wa zamani zilizidi bilioni 11, na huduma za wingu zikazidi bilioni 17.

Kwa lugha nyepesi, leseni ni kiingilio cha mlangoni. Biashara yenyewe iko ndani, na mteja anailipia kila mwaka.

Siri ya asilimia 22

Mteja anaponunua leseni ya kudumu, anapata haki ya kutumia programu bila kikomo cha muda. Lakini haki hiyo haina masasisho, haina matoleo mapya, wala haina fundi wa kumpigia simu usiku mambo yakiharibika. Hivyo vyote viko kwenye mkataba mwingine, wa huduma.

Kwa Oracle, ada ya mkataba huo ni asilimia 22 ya bei ya leseni, kila mwaka.

Chukua mfano wa hifadhidata yake kubwa, Oracle Database Enterprise Edition. Bei ya orodha ni dola 47,500 kwa prosesa moja, na ada ya huduma ni dola 10,450 kwa mwaka. Neno "prosesa" hapa lina hesabu yake: kwa seva za kawaida za Intel, viini viwili vya kompyuta vinahesabiwa kama prosesa moja.

Seva yenye viini 16 inahitaji leseni nane. Hapo ni dola 380,000. Ada ya huduma ni dola 83,600 kwa mwaka.

Katika miaka mitano mteja ameshalipa dola 418,000 za huduma, zaidi ya bei ya leseni yenyewe. Na hapo ada haijapandishwa hata mara moja, wala hajaongeza seva.

Ni kweli wateja wakubwa hupewa punguzo, na ada huhesabiwa kwenye bei waliyolipa baada ya punguzo hilo. Lakini uwiano haubadiliki. Kila dola ya leseni inazaa senti 22 kila mwaka, mwaka hadi mwaka.

SAP iliwahi kuonja hasira za wateja kwa sababu ya asilimia hizi. Mwaka 2008 ilitangaza kuwahamisha kutoka ada ya asilimia 17 kwenda huduma mpya ambayo ada yake ingefikia asilimia 22. Vyama vya watumiaji vilikuja juu, hasa kwa kuwa uchumi wa dunia ulikuwa umeyumba. Januari 2010 kampuni ikalegeza kamba na kurudisha chaguo la huduma ya bei nafuu zaidi.

Kwa nini mteja haachi kulipa?

Swali la kawaida ni hili: kama programu ni ya kudumu, si mteja aache tu kulipa ada?

Anaweza. Ila akibadili mawazo baadaye, imekula kwake. Sera ya Oracle inasema anayetaka kurudi kwenye huduma analipa faini ya asilimia 150 ya ada yake ya mwisho, ikihesabiwa kwa muda wote aliokuwa nje. Juu yake anaweka ada ya mwaka mpya.

Pia hawezi kuchagua sana. Akiwa na leseni 100 za bidhaa moja na anatumia 60 tu, hawezi kuziacha 40 bila huduma huku akizihudumia zilizobaki. Ama zote zilipiwe, ama azisalimishe moja kwa moja zile asizozitumia. Na hata akizisalimisha, kampuni inaweza kukokotoa upya bei ya zilizobaki, kiasi kwamba alichotarajia kuokoa kinayeyuka.

Kuhama nako si kazi ya wikendi moja. Mfumo wa mishahara, stoo, ankara na ripoti za kodi umejengwa juu ya hifadhidata hiyo kwa miaka. Wafanyakazi wamezoea skrini zake. Wahasibu wameandika taratibu zao kwa kuufuata. Ndiyo maana wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Kuna kampuni zilizoona mwanya hapo. Rimini Street ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2005, inahudumia programu za Oracle na SAP kwa karibu nusu ya ada ya mwenye programu. Oracle iliishtaki mwaka 2010 kwa kukiuka hakimiliki. Mwaka 2015 Rimini Street iliamriwa kulipa fidia ya dola milioni 50, ingawa sehemu ya kiasi hicho ilifutwa baadaye kwenye rufaa. Iliendelea na biashara, lakini ujumbe ulifika: huu ni mgodi unaolindwa kwa wanasheria.

VMware: kutoka kununua hadi kupanga

Mfano mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni ni VMware. Programu yake inaifanya seva moja kubwa ifanye kazi kama kompyuta nyingi zinazojitegemea. Badala ya kununua mashine 20, taasisi inanunua mbili au tatu na kuzigawa. Kwa miaka mingi wateja walinunua leseni ya kudumu, kisha wakalipia huduma kila mwaka.

Novemba 2023, Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware. Mwezi uliofuata ikatangaza kuwa leseni za kudumu haziuzwi tena, na mikataba ya huduma ya leseni za zamani haitahuishwa. Kuanzia hapo ni kulipia kwa muda, na bidhaa zimeunganishwa kwenye vifurushi vichache vikubwa.

Yeyote anayenunua bando la simu anaelewa maana yake. Ukitaka dakika tu, unauziwa dakika, intaneti na meseji kwa pamoja. Na bando likiisha, limeisha.

Kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilikwenda mahakamani mwaka 2024. Ilidai mkataba wake unaipa haki ya kuongeza huduma kwa leseni za kudumu ilizonunua zamani, na kwamba Broadcom inakataa ili kuilazimisha inunue vifurushi vipya. Katika nyaraka za kesi hiyo, AT&T ilisema imepewa bei iliyopanda kwa asilimia 1,050. Pande mbili zilimalizana Novemba mwaka huo huo bila kuweka masharti hadharani.

Mwaka 2025 ikafuata Tesco, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, na madai ya angalau pauni milioni 100. Hoja yake inafanana: ilinunua leseni za kudumu mwaka 2021 pamoja na haki ya kuongeza muda wa huduma, na sasa inasema haki hiyo haiheshimiwi. Tesco ilionya kuwa programu hizo ndizo zinazobeba mifumo inayofikisha bidhaa kwenye maduka yake.

Kwa Broadcom, hesabu zinasoma vizuri. Kitengo chake cha programu kiliingiza dola bilioni 21.5 katika mwaka wa fedha wa 2024, kutoka bilioni 7.6 mwaka uliotangulia, ongezeko lililotokana zaidi na VMware kuingia kwenye vitabu vyake.

Kutoza kwa kuhesabu vichwa

Njia nyingine ya kukuza mapato ni kubadilisha kinachohesabiwa.

Januari 2023, Oracle ilibadili namna ya kuuza Java, lugha ya programu inayotumika kwenye mifumo mingi ya benki na serikali. Badala ya kuhesabu watumiaji au seva, sasa inahesabu wafanyakazi wote wa taasisi, wakiwemo wa muda na baadhi ya wa mikataba. Bei ya orodha inaanzia dola 15 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi na kushuka kadiri taasisi inavyokuwa kubwa.

Kampuni yenye wafanyakazi 500 inakabiliwa na dola 90,000 kwa mwaka. Dereva, mlinzi na mpishi wa kantini wamo kwenye hesabu, hata kama hawajawahi kuiona Java. Ahueni ni kwamba kuna matoleo huria ya Java yasiyo na ada, na kampuni nyingi zimeanza kuhamia huko.

Microsoft nayo ina njia yake. Huduma ya bure kwa Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025. Taasisi inayotaka kubaki nayo salama inalipa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inazidishwa mara mbili kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Jumla ni dola 427 kwa kompyuta moja. Kwa hela hiyo mtu anapata kompyuta mpya, na huenda hilo ndilo lengo lenyewe.

Mkaguzi akibisha hodi

Mikataba hii pia inampa muuzaji haki ya kukagua. Mkataba wa kawaida wa Oracle unataka taarifa ya siku 45, kisha wakaguzi wanaangalia ni seva ngapi zinatumia nini. Wakikuta matumizi yamezidi leseni, mteja analipa tofauti, pamoja na ada za huduma za nyuma.

Mara nyingi mteja hakukusudia kuiba. Fundi aliwasha kipengele kimoja bila kujua kinalipiwa peke yake, au mfumo mpya uliunganishwa na wa zamani.

Kilichoikuta Diageo ni mfano mzuri. Kampuni hiyo ya vinywaji ya Uingereza, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mwanahisa mkuu wa East African Breweries inayotengeneza Tusker, ilijenga mfumo wa mauzo kwa programu ya Salesforce. Wateja waliweka oda humo, na oda zikaingia kwenye SAP. SAP ikasema kila anayeweka oda anaitumia programu yake kwa mlango wa nyuma, na ikadai zaidi ya pauni milioni 54.

Februari 2017, Mahakama Kuu ya Uingereza ilikubaliana na SAP kwamba matumizi hayo yalihitaji leseni, huku kiasi cha kulipwa kikiachwa kuamuliwa baadaye. Kelele za wateja wengine zilikuwa kubwa hadi mwaka 2018 SAP ikaleta mfumo mpya wa bei unaohesabu nyaraka zinazoingia badala ya watu.

Kampuni zinajiteteaje?

Si haki kusema hela hizi zinaliwa bure. Kila tundu la usalama likigunduliwa, lazima kuwe na wahandisi wa kuliziba haraka. Sheria za kodi zikibadilika nchi fulani, mfumo wa mishahara lazima ufuate. Oracle ilitumia karibu dola bilioni 9 kwenye utafiti na uendelezaji katika mwaka wa fedha wa 2024.

Broadcom inasema kulipia kwa muda ndio utaratibu wa soko zima kwa sasa, na kwamba vifurushi vyake vinampa mteja vitu vingi zaidi kwa bei nafuu kuliko akinunua kimoja kimoja. Aprili 2024 iliahidi kuwapa wenye leseni za kudumu viraka vya matundu hatari zaidi bila malipo, kwa matoleo ambayo bado yana huduma.

Kuna ukweli mwingine. Leseni ya kudumu ilimtaka mteja atoe hela nyingi siku ya kwanza. Kwa kampuni ndogo, kulipia kwa mwezi ni nafuu ya kuanzia. Tatizo linakuja pale bei inapopanda na mteja hana pa kukimbilia.

Na faida hapa ni nono kwa sababu moja rahisi: kiraka kimoja kikishatengenezwa, kinatumwa kwa maelfu ya wateja bila gharama kubwa ya ziada. Kila mmoja anakilipia.

Afrika Mashariki inalipa kwa dola

Kwa taasisi za ukanda huu kuna mzigo wa pili: sarafu. Mikataba mingi inaandikwa kwa dola, wakati mapato ni ya shilingi.

Mwanzoni mwa 2023, dola moja ilikuwa karibu shilingi 124 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160. Ada ya dola 100,000 ilipanda kutoka shilingi milioni 12.4 hadi milioni 16 bila muuzaji kugusa bei. Shilingi iliimarika baadaye mwaka huo hadi karibu 130, lakini aliyelipa ankara yake Januari alikuwa ameshaumia.

Serikali nazo zimo. Mfumo wa fedha za umma wa Kenya, IFMIS, umejengwa juu ya programu za Oracle, na ndivyo ilivyo kwa Uganda. Mishahara na malipo ya wazabuni yanapita humo, kwa hiyo si mifumo ya kuachwa bila fundi.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Kwa miaka mingi ilitumia Epicor, programu ya kununua kutoka nje. Kuanzia mwaka wa fedha 2019/20 ilianza kuhamia MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliotengenezwa na wataalamu wa ndani.

Kujenga kwako hakumaanishi bure. Wahandisi wanahitaji mishahara, seva zinahitaji umeme, na mtaalamu mzuri anaweza kuchukuliwa na benki yenye dau kubwa. Tofauti ni kwamba hela inazunguka nyumbani kwa shilingi, na hakuna barua ya kutoka nje inayotangaza kwamba huduma inakoma Oktoba.

Njia ya kati ni programu huria kama PostgreSQL kwa hifadhidata na Linux kwa seva. Hazina ada ya leseni. Lakini hata huko msaada wa kitaalamu unalipiwa: Red Hat ilijenga biashara nzima ya kuhudumia Linux, na IBM iliinunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34.

Maswali kabla ya kusaini

Taasisi inayofikiria mfumo mpya ingefanya vizuri kuuliza mambo matano kabla ya kuuliza bei:

- Ada ya mwaka inaweza kupanda kwa asilimia ngapi, na kikomo kimeandikwa kwenye mkataba?
- Kinachohesabiwa ni nini: mtumiaji, seva, viini vya prosesa au wafanyakazi wote?
- Mfumo ukiunganishwa na programu nyingine, kuna malipo ya ziada?
- Huduma ya toleo hili inakoma lini, na haki ya kuongeza muda inabaki hata kampuni ikiuzwa?
- Siku ya kuondoka, data inatoka vipi na kwa gharama ya nani?

Swali la nne ndilo lililowafikisha AT&T na Tesco mahakamani, pamoja na ukubwa wao wote na mawakili wao.

Mwananchi wa kawaida anaweza kuona haya ni mambo ya wakubwa. Lakini ada hizi haziishii ofisini. Benki inazirudisha kwenye makato ya akaunti, duka kubwa kwenye bei ya unga, na serikali kwenye bajeti inayotokana na kodi.

Wanaotumia vSphere 8 na ECC, hesabu ya siku imeshaanza. Kuhamisha mfumo mkubwa huchukua mwaka mmoja hadi miwili, na anayesubiri barua ya mwisho atajadiliana bei akiwa hana chaguo la pili mkononi.